Phantom of the Paradise

Phantom of the Paradise ni filamu ya muziki, ya kutisha na ya vichekesho kutoka nchini Marekani, iliyotolewa mwaka 1974. Iliandikwa na kuongozwa na Brian De Palma na kutayarishwa na Edward R. Pressman. Nyimbo zake zote zilitungwa na Paul Williams, ambaye pia anacheza kama Swan, tajiri wa biashara ya muziki asiye na huruma. Nyota wengine ni William Finley, Jessica Harper, Gerrit Graham na George Memmoli. Filamu ina urefu wa takriban dakika 92.

Jina lake lina maana ya "Mzuka wa Paradise". Paradise ni ukumbi wa muziki wa rock ambao Swan anataka kuufungua kwa kishindo. Ili afanikiwe, anamwibia kazi yake mtunzi asiyejulikana aitwaye Winslow Leach. Mtunzi huyo anapoteza uhuru, uso na sauti, kisha anarudi akiwa amevaa kinyago ili kuusumbua ukumbi huo.

Ilipotoka, filamu haikufanya vizuri kibiashara karibu kila mahali. Hata hivyo ilipendwa mno katika miji michache, hasa Winnipeg nchini Kanada na Paris nchini Ufaransa. Kwa miaka iliyofuata ilijipatia mashabiki wa dhati katika nchi nyingi, na leo huhesabiwa miongoni mwa filamu muhimu za muziki zenye mtindo wa kigothi, yaani sanaa yenye giza, majumba ya ajabu, mizuka na mapenzi yanayoishia mautini.

Asili ya hadithi

Hadithi ya filamu imeunganishwa kutoka katika kazi kadhaa maarufu za fasihi ya Ulaya:

- The Phantom of the Opera, riwaya ya mwandishi Mfaransa Gaston Leroux iliyotoka kama kitabu mwaka 1910. Humo mtu mwenye uso ulioharibika anaishi chini ya jumba la opera la Paris na kumpenda mwimbaji kijana.
- Faust, tamthilia ya mshairi Mjerumani Johann Wolfgang von Goethe, kuhusu msomi anayefanya mapatano na shetani.
- The Picture of Dorian Gray ya Oscar Wilde, kuhusu kijana ambaye hazeeki. Picha yake ndiyo inayozeeka badala yake.

De Palma aliichukua mizuka hii ya zamani na kuipeleka katika biashara ya muziki ya Marekani ya miaka ya 1970. Jumba la opera likawa ukumbi wa rock, shetani akawa mwenye kampuni ya santuri, na picha ya Dorian Gray ikawa mkanda wa video. De Palma amesimulia kwamba wazo lilimjia aliposikia wimbo wa The Beatles ukipigwa ndani ya lifti kama muziki laini wa kujaza ukimya. Alijiuliza inakuwaje kazi ya sanaa igeuzwe bidhaa isiyo na ladha.

Ndani ya filamu mna pia ishara za kazi nyingine za kutisha. Bafuni kuna mzaha juu ya filamu ya Psycho ya Alfred Hitchcock, na kitendo cha kumfungia mtu nyuma ya ukuta wa matofali kinakumbusha hadithi za Edgar Allan Poe. Mapambo ya jukwaa katika onyesho kuu yanafanana na yale ya filamu ya Kijerumani ya The Cabinet of Dr. Caligari ya mwaka 1920, na mwimbaji anayeundwa kwa viungo vya miili ni ukumbusho wa Frankenstein.

Hadithi

Filamu inaanza kwa sauti ya msimulizi anayemtambulisha Swan, mwenye kampuni ya Death Records. Swan ameshapata kila alichotaka katika muziki, na sasa anatafuta sauti mpya ya kufungulia Paradise. Baada ya onyesho la bendi yake, Juicy Fruits, anamsikia Winslow Leach akipiga piano na kuimba sehemu ya kantata yake ndefu kuhusu Faust. Swan anautaka muziki huo lakini hamtaki mtunzi wake. Msaidizi wake, Philbin, anamdanganya Winslow na kuondoka na karatasi za muziki.

Mwezi unapita bila jibu. Winslow anakwenda ofisini kwa Death Records na kufukuzwa. Anakwenda nyumbani kwa Swan na kukuta wasichana wengi wakifanyiwa majaribio ya kuimba muziki wake mwenyewe. Miongoni mwao yumo Phoenix, na mara Winslow anatambua kwamba sauti yake ndiyo inayoufaa muziki wa Faust. Anapojaribu kumfikia Swan anapigwa, anawekewa dawa za kulevya ili aonekane mhalifu, na kuhukumiwa kifungo cha maisha katika jela ya Sing Sing. Huko meno yake yanang'olewa na kuwekewa ya chuma.

Siku moja anasikia redioni kwamba Juicy Fruits wataimba Faust. Anashikwa na hasira, anatoroka na kuvamia kiwanda cha Death Records. Katika purukushani kichwa chake kinanasa ndani ya mashine ya kukandamiza santuri. Uso unaungua, sauti inapotea, naye anatumbukia mtoni. Watu wote wanadhani amekufa.

Winslow anaingia Paradise kwa siri, anachukua vazi jeusi na kinyago cha fedha chenye umbo la ndege, na kuwa Mzuka. Anatega bomu katika mazoezi ya bendi. Swan hashtuki, anamtambua na kumpa mapatano mapya. Winslow atamalizia Faust, na Phoenix ndiye atakayeimba. Swan anamtengenezea chombo cha umeme kinachomrudishia sauti, kisha anamletea mkataba mnene ambao Winslow anautia saini kwa damu yake. Winslow anauliza maana ya kifungu kimoja kinachohesabu yale yaliyoachwa nje kuwa yamo, naye anaambiwa kwamba kipo kwa ajili ya kumlinda.

Kazi inapokamilika, Swan anavunja ahadi. Anampa nafasi Beef, mwimbaji wa rock mwenye majivuno, na kumjengea Winslow ukuta wa matofali mlangoni. Mzuka anatoka kwa nguvu na kumwonya Beef asithubutu kuimba. Beef anataka kukimbia lakini analazimishwa kupanda jukwaani, na huko anauawa kwa radi ya taa za neoni iliyorushwa kutoka juu. Watazamaji wanashangilia, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Phoenix anasukumwa mbele kuwatuliza, anaimba, na usiku huohuo anakuwa nyota.

Swan anamchukua Phoenix nyumbani kwake. Winslow, akiwa juu ya paa, anawaona wakiwa pamoja na kujichoma kisu kifuani, lakini hafi. Swan anamweleza kwamba mkataba haumruhusu kufa kabla ya Swan mwenyewe. Winslow anamchoma Swan pia, bila mafanikio, kwa sababu naye ana mkataba wake.

Swan anatangaza kwamba atamwoa Phoenix jukwaani mbele ya kamera za televisheni. Winslow anaingia katika chumba cha kanda za video na kugundua siri: mwaka 1953 Swan aliuza roho yake kwa shetani ili asizeeke, na mkanda wa mapatano hayo ndio unaozeeka badala yake. Anagundua pia kwamba Phoenix amepangiwa kuuawa wakati wa harusi ili onyesho livutie zaidi. Anazichoma moto kanda zote na kukimbilia ukumbini. Risasi inakosa shabaha na kumuua Philbin. Kinyago cha Swan kinavuliwa na uso wake uliooza unaonekana. Winslow anamchoma kisu, na Swan anapokaribia kufa, jeraha la Winslow nalo linafunguka. Watazamaji wanaendelea kucheza kuwazunguka. Phoenix peke yake anamtambua aliyelala chini ya kinyago.

Washiriki

- Paul Williams kama Swan
- William Finley kama Winslow Leach, yaani Mzuka
- Jessica Harper kama Phoenix
- Gerrit Graham kama Beef (sauti ya kuimba ni ya Ray Kennedy)
- George Memmoli kama Philbin
- Archie Hahn, Jeffrey Comanor na Harold Oblong kama wanabendi wa Juicy Fruits, Beach Bums na Undeads
- Rod Serling, mwanzilishi wa mfululizo wa televisheni wa The Twilight Zone, kama sauti ya msimulizi (hakutajwa katika orodha ya waigizaji)

Utengenezaji

De Palma na William Finley walifahamiana tangu wakiwa wanafunzi, na Finley aliigiza katika filamu kadhaa za mwanzo za De Palma. Mtayarishaji Pressman naye alikuwa amefanya kazi na De Palma katika filamu ya Sisters. Kwa Jessica Harper hii ilikuwa nafasi yake kubwa ya kwanza katika sinema.

Filamu ilitengenezwa kwa fedha kidogo, nje ya mfumo wa studio kubwa. Maonyesho ya ukumbini yalipigwa katika jumba la kale la Majestic mjini Dallas, Texas. Mpiga picha alikuwa Larry Pizer na mhariri alikuwa Paul Hirsch. Mapambo yalibuniwa na Jack Fisk. Mpenzi wake, Sissy Spacek, alimsaidia kuyapanga. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe akawa nyota wa filamu ya Carrie ya De Palma.

Kitendo cha bomu jukwaani kinaonyeshwa kwa skrini iliyogawanywa mara mbili. Upande mmoja unafuata gari lenye bomu na upande mwingine unafuata watu walioko ukumbini, vyote kwa wakati mmoja. Kitendo hicho ni heshima kwa mwanzo wa filamu ya Touch of Evil ya Orson Welles, ambako bomu linawekwa ndani ya gari na kamera inalifuata bila kukatizwa.

Chumba ambamo Winslow anarudishiwa sauti hakikujengwa kwa ajili ya filamu. Mitambo inayoonekana ni TONTO, sintesaiza kubwa sana iliyoundwa na Malcolm Cecil na Robert Margouleff. Chombo hichohicho kilitumika katika albamu maarufu za Stevie Wonder za miaka ya mwanzo ya 1970.

Migogoro ya kisheria

Filamu kuhusu wizi wa kazi za sanaa na mitego ya mikataba ilijikuta yenyewe katika migogoro ya haki miliki. Kampuni ya Universal, iliyokuwa imetengeneza filamu za The Phantom of the Opera, ililalamika kuhusu kufanana kwa hadithi. Kampuni ya King Features, yenye haki za katuni ya The Phantom, ilipinga matumizi ya jina hilo peke yake. Hivyo jina likawa Phantom of the Paradise.

Mgogoro wa tatu ndio ulioacha alama ndani ya filamu yenyewe. Awali kampuni ya Swan iliitwa Swan Song. Mwaka uleule wa 1974 bendi ya Led Zeppelin ilianzisha lebo yake ya kurekodi kwa jina hilohilo, na meneja wao, Peter Grant, akapinga. Kwa kuwa upigaji picha ulikuwa umekwisha, watengenezaji walilazimika kukata baadhi ya sehemu na kufunika jina hilo kwa nembo ya Death Records, yenye picha ya ndege aliyekufa. Mtazamaji makini anaweza kuona nembo hizo zikitikisika kidogo, kwa sababu zilibandikwa juu ya picha baadaye.

Haki za usambazaji zilinunuliwa na kampuni ya 20th Century Fox.

Muziki

Kabla ya filamu hii Paul Williams alikuwa akijulikana kwa nyimbo za mapenzi za sauti laini, zikiwemo zile alizoandika pamoja na Roger Nichols na kuimbwa na The Carpenters. Hapa alitunga kwa mitindo mingi tofauti, mara nyingi kwa kejeli. Muziki wa nyuma ya vitendo ulifanywa pia na George Aliceson Tipton.

Bendi tatu za filamu ni watu walewale watatu waliobadilishwa mavazi. Wakiwa Juicy Fruits wanaimba kwa mtindo wa miaka ya 1950. Wakiwa Beach Bums wanaiga muziki wa ufukweni wa California wa miaka ya 1960. Mwishoni, wakiwa Undeads, wamepakwa rangi nyeusi na nyeupe usoni na kuimba rock ya kutisha. Ujumbe wake ni kwamba mitindo hubadilika kwa amri ya mwenye kampuni, bila wanamuziki wenyewe kubadilika.

Albamu ya filamu ilitolewa na A&M Records ikiwa na nyimbo zifuatazo:

- "Goodbye, Eddie, Goodbye" – Juicy Fruits
- "Faust" – William Finley
- "Upholstery" – Beach Bums
- "Special to Me" – Jessica Harper
- "Phantom's Theme (Beauty and the Beast)" – Paul Williams
- "Somebody Super Like You" – Undeads
- "Life at Last" – Ray Kennedy
- "Old Souls" – Jessica Harper
- "Faust" – Paul Williams
- "The Hell of It" – Paul Williams

Wimbo wa Faust umo mara mbili. Mara ya kwanza unaimbwa na Finley, wakati Winslow bado ana sauti yake ya asili. Baada ya Winslow kuharibiwa na kupewa chombo cha umeme, sauti inayotoka ni ya Paul Williams, yaani mwigizaji wa Swan. Kwa njia hiyo mwizi anaichukua hata sauti ya aliyeibiwa.

Dhamira

Dhamira kuu ni umiliki wa sanaa. Winslow anapoteza vitu kwa mfuatano: kwanza karatasi za muziki, kisha uhuru, meno, uso, sauti, na hatimaye hata haki ya kufa. Kila hatua inapitia taasisi halali, kama ofisi, mahakama, jela na mkataba. Shetani haonekani sana, kwa sababu karatasi zinamfanyia kazi yake.

Dhamira ya pili ni watazamaji. Mara mbili mtu anakufa jukwaani, na mara zote mbili umati unashangilia. Swan anaelewa jambo hilo, ndiyo maana anapanga mauaji kama sehemu ya harusi. Filamu inauliza ni kiasi gani cha lawama ni cha muuzaji, na ni kiasi gani ni cha mnunuzi anayetaka kuona zaidi kila siku.

Phoenix naye si malaika. Anapoonja makofi ya umati anakuwa tayari kutoa chochote ili ayapate tena. Kwa sababu hiyo Swan hahitaji kumlazimisha.

Mapokezi

Filamu ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa Oktoba 1974. Wahakiki waligawanyika. Pauline Kael wa jarida la The New Yorker aliisifu, ilhali Vincent Canby wa gazeti la The New York Times hakuipenda. Watazamaji wa Marekani hawakujitokeza kwa wingi. Ilikuwa vigumu kuitangaza, kwa kuwa wapenzi wa filamu za kutisha walikuta nyimbo, na wapenzi wa rock walikuta dhihaka juu ya muziki wao.

Hata hivyo Williams na Tipton waliteuliwa kuwania Tuzo ya Academy kwa muziki wa filamu. Tuzo hiyo ilichukuliwa na Nelson Riddle kwa filamu ya The Great Gatsby. Muziki huo uliteuliwa pia kuwania tuzo ya Golden Globe.

Mwaka uliofuata, 1975, Fox ilisambaza filamu nyingine ya muziki na ya kutisha, The Rocky Horror Picture Show. Nayo ilishindwa mwanzoni, kisha ikapata umaarufu mkubwa kupitia maonyesho ya usiku wa manane. Filamu hizi mbili hulinganishwa mara nyingi, ingawa ile ya De Palma ina huzuni zaidi na hasira zaidi.

Winnipeg na Paris

Katika mji wa Winnipeg, jimbo la Manitoba, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Filamu ilifunguliwa katika sinema ya Garrick tarehe 26 Desemba 1974, siku moja baada ya Krismasi, ikaendelea kwa miezi kadhaa mfululizo, na baadaye ikarudishwa mara kwa mara. Sehemu kubwa ya watazamaji walikuwa watoto na vijana, na wengi wao waliiona mara nyingi. Albamu yake iliuzwa kwa wingi mjini humo.

Watoto hao walipokuwa watu wazima hawakuisahau. Mwaka 2005 mashabiki walifanya tamasha mjini Winnipeg lililoitwa Phantompalooza na kuwaalika baadhi ya waigizaji. Lilifanyika tena mwaka 2006, na Paul Williams alihudhuria. Filamu ya hali halisi kuhusu mapenzi hayo ya mji mmoja, Phantom of Winnipeg, ilitoka mwaka 2019.

Mjini Paris nako filamu ilionyeshwa kwa muda mrefu na kupendwa na vizazi kadhaa vya watazamaji.

Athari

Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo wa kundi la Kifaransa la Daft Punk waliiona filamu hii wakiwa vijana na kuirudia mara nyingi. Wasanii hao wawili, waliojulikana kwa kuficha nyuso zao ndani ya kofia za roboti, walimwalika Paul Williams katika albamu yao ya Random Access Memories ya mwaka 2013. Williams aliimba katika wimbo wa "Touch", na albamu ikashinda tuzo ya Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka 2014. Williams alikuwa jukwaani na kuzungumza kwa niaba yao.

Waongozaji Guillermo del Toro na Edgar Wright ni miongoni mwa mashabiki wanaojulikana. Wright alimpa Williams nafasi ya kuigiza katika Baby Driver ya mwaka 2017. Jessica Harper aliendelea na filamu za kutisha, ikiwemo Suspiria ya Dario Argento ya mwaka 1977.

Filamu hii ilitangulia kwa miaka 12 tamthilia ya muziki ya Andrew Lloyd Webber, The Phantom of the Opera, iliyofunguliwa London mwaka 1986 na kuifanya hadithi ya Leroux ijulikane duniani kote. William Finley alifariki mwaka 2012, na Edward R. Pressman mwaka 2023.

Paul Williams, aliyeigiza mwizi wa nyimbo, alichaguliwa mwaka 2009 kuwa rais wa ASCAP, chama cha Marekani kinachokusanya mirabaha kwa ajili ya watunzi wa muziki na kutetea haki zao.